Kutoka Senti 30 Hadi Soo: Vile Fare ya Mathree Imepanda Mpaka Ukunda

Wasee wa Ukunda, Diani na Msambweni, kila asubuhi steji swali ni moja: "Leo ni ngapi?" Jibu halikai sawa. Cheki vile tumefika hapa.

Miaka ya 60 na 70: Senti 30
Jina matatu lilitoka kwa fare yenyewe. Zile za kwanza Nairobi zilichaji senti 30, yaani sarafu 3 za senti 10. Zilikuwa za magendo hadi 1973, Mzee Jomo Kenyatta aliporuhusu zibebe abiria bila leseni ya PSV. Bei ikabaki mikononi mwa wenye magari, na bado iko huko.

2004: Sheria za Michuki
Waziri wa Uchukuzi John Michuki alileta mishipi, speed gavana ya 80, na Nissan za watu 18 zikashushwa hadi 14. Viti vikipungua, pesa ya gari inatoka kwa waliobaki. Fare ikaruka.

2020: Korona
Gari ya 14 iliambiwa ibebe 8. Fare ikapanda tena. Agosti 2021 viti vilijaa, lakini kwa ruti nyingi bei ya korona haikushuka yote.

2023: Mafuta
Julai, VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 hadi 16. Septemba, petroli ikapita bob 200 kwa lita, mara ya kwanza Kenya. EPRA hutangaza bei kila tarehe 14, so katikati ya mwezi kaa chonjo.

South Coast sasa
Miaka ya 2010, Likoni–Ukunda ilicheza kati ya finje na soo. Siku hizi soo ndio ya kuanzia, na mvua ikinyesha ama jioni watu wakijaa, konda anaongeza.

Piga hesabu kama unafanya job Mombasa: soo kwenda, soo kurudi, siku 26. Hiyo ni 5,200 kwa mwezi. Hapo bado tuktuk ya kukutoa mtaani, na mathree ya kutoka feri hadi tao. Cha bure ni feri ya Likoni pekee, na ni kama unavuka kwa miguu.

Kabla upande
- Uliza bei ukiwa chini, si ukishakaa.
- Kuwa na chenji. Konda akisema "nitakupa mbele", hiyo mbao isahau.
- Mafuta yakipanda, fare hupanda siku hiyo hiyo. Yakishuka, konda huwa hajaskia habari. Mkumbushe.