Asili na Maana ya "-a Musa" katika Torati

Mwalimu afundishaye Agano la Kale huko Haneti, kaskazini ya Dodoma, hana budi kulijibu swali hili: Torati ya Musa ni ya nani? Katika Ugogo wa zamani kila nchi ilikuwa na mtemi wake, aliyetazamiwa kwa mvua, na mamlaka yake yalikoma mpakani. Basi asikiaye "Torati ya Musa" aweza kudhani ya kuwa Musa alikuwa mtemi wa Wayahudi, na sheria ile ni mali yake, isiyotuhusu sisi.

Wazungu wana neno la sifa kwa jambo hili, lililotoka katika Kilatini, Mosaicus. (Wengine hulichanganya na kazi ya vijiwe vya rangi vipangwavyo ukutani, hiyo haina udugu na Musa.) Je, nasi tuseme "sheria ya Kimusa"? Hatuoni faida. Ki- hutaja namna, kama kizee na kitoto; ingekuwa sheria yenye mwenendo wa Musa, wala si iliyotolewa kwa mkono wake. Tena Waebrania wenyewe hawakutumia neno la sifa. Waliweka majina mawili pamoja, torat Moshe, kama sisi tuungavyo kwa -a.

Na -a haitaji umiliki tu. Barua ya mfalme ni ile aliyoiandika mfalme. Barua ya tarishi yaweza kuwa hiyo hiyo, ikiwa mkononi mwake aliyetumwa. Tazama Nehemia: katika 8:1 kitabu chaitwa cha torati ya Musa, na katika 9:3 cha torati ya Bwana. Kitabu ni kimoja.

Torati yenyewe tuliipata kwa Waarabu, nayo asili yake ni Kiebrania, tora, yaani kuelekeza na kufundisha. Wayahudi walioitafsiri kwa Kiyunani waliandika nomos, sheria, na tangu hapo neno lina ubaridi wa baraza. Biblia ya mwaka 1952 ina "torati" katika Yohana 1:17, bali katika Zaburi ya 1 ina "sheria", ingawa Kiebrania cha zaburi hiyo ni tora. Roehl, aliyeyaepuka maneno ya Kiarabu, aliandika "Maonyo" katika Biblia yake ya mwaka 1937. Neno hilo lina ukali wa karipio, lakini shina lake ni kuona, na kwa hiyo twadhani alikuwa karibu na Waebrania kuliko wengi.

Sisi huwasomesha wanafunzi Nehemia 8 na 9 kwanza, kabla ya kufungua Kutoka.