Mikorosho Iliuzwa, Ardhi Ikafuata: Mirathi na Mamlaka ya Kuuza Shamba katika Uwanda wa Makonde

Ugomvi wa mirathi juu ya mashamba yaliyouzwa na mtu asiye na mamlaka, ambao huwafikisha ndugu wa tumbo moja mbele ya mabaraza ya ardhi ya Masasi na Newala, kusini-mashariki mwa Tanzania, hauelezeki kwa tamaa ya wauzaji peke yake. Katika muda wa karne moja hivi, swali la nani mwenye neno la mwisho juu ya ardhi limejibiwa mara kadhaa kwa namna tofauti, na kila jibu jipya lilipokuja lile la zamani halikufutwa mioyoni mwa watu. Aliyeuza kwa kufuata jibu moja alihesabiwa mwizi kwa kufuata jingine.

Kabla ya ukoloni, makazi ya Wamakonde yalipangwa katika chirambo, yaani eneo la makazi na mashamba lililo chini ya mkulungwa, mzee ambaye kwa kawaida alitokana na ukoo uliotangulia kufyeka mahali hapo. Ukoo huo, uitwao litawa, ulihesabiwa kwa upande wa mama, kama ilivyokuwa pia kwa majirani zao Wamakua na Wayao walioenea bondeni kuelekea Masasi na Ndanda. Mtu alirithi kutoka kwa mjomba wake, na mtoto wa kiume wa marehemu alikuwa na haki katika litawa la mama yake, si la baba. Mgeni aliyetaka kulima aliomba kwa mkulungwa, akaonyeshwa pori, akalifyeka na kulichoma, akalima misimu michache, kisha akaliacha lipumzike na kurudia kuwa kichaka. Juu ya Uwanda wa Makonde, ambako maji yalikuwa haba kiasi kwamba wanawake walishuka genge kuyatafuta mabondeni, ardhi yenyewe haikuwa na bei. Chenye thamani kilikuwa jasho la mfyekaji na mavuno yake, navyo viliisha pamoja na msimu.

Utawala wa Wajerumani ulitangaza kwa amri ya mwaka 1895 kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola, na chini yake misheni ya Wabenediktini ilianzishwa Ndanda mwaka 1906, wakati wa vita vya Maji Maji. Waingereza nao, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, waliiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya gavana, na marekebisho ya mwaka 1928 yakaitambua haki ya wenyeji kuitumia kwa mujibu wa mila zao. Kwa mkulima wa Newala sheria hizo zilikuwa mbali. Kilichokuwa karibu naye ni kudhoofika kwa mkulungwa, ambaye juu yake waliwekwa maakida na baadaye maliwali, huku baraka yake ikiendelea kuhitajika kwenye ardhi ingawa nguvu ya kuilinda ilikuwa imemtoka.

Aliyebadilisha mambo kuliko gavana yeyote ni mkorosho. Mti huu, ambao Wareno waliuleta Afrika ya Mashariki kutoka Brazili, ulienea kama zao la biashara kusini mwa Tanganyika hasa kuanzia miaka ya 1940. Huanza kuzaa baada ya miaka michache, kisha huendelea kuzaa kwa miongo kadhaa. Mila ilikuwa wazi kwamba mti ni wa aliyeupanda na ardhi ni ya ukoo, na kanuni hiyo haikuleta shida mtu alipopanda mihogo, lakini mkorosho haukuiachia ardhi nafasi ya kurudi kwa ukoo. Mwenye miti alikaa juu ya ardhi maisha yake yote. Shamba likazoeleka kutajwa kwa idadi ya mikorosho kuliko kwa ekari, na desturi ya kuweka rehani ikakua: mkulima mwenye shida ya fedha, labda kwa msiba au gharama za jando, alimkabidhi mkopeshaji miti achukue mavuno mpaka deni liishe. Deni lisipolipwa kwa miaka mingi na mkopaji akafariki, mkopeshaji alidai kuwa alinunua, warithi wakadai kuwa baba yao aliazimisha tu, na mashahidi wa makubaliano yale ya mdomo walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Mkorosho uliwagombanisha pia mtoto na mpwa. Baba aliyepanda miti pamoja na wanawe hakuona haki iende kwa mtoto wa dada yake ambaye hakushika jembe, na dini zilizokuwa zikienea zilimpa hoja, kwa maana Uislamu una mafungu yake ya mirathi kwa watoto, wajane na wazazi, na mafundisho ya Kikristo yaliinua familia ya baba, mama na watoto wao. Hivyo marehemu mmoja aliweza kuacha warithi wa aina mbili, kila upande ukiamini kwa dhati kuwa shamba ni lake na kwamba unaweza kuliuza.

Serikali huru haikulitatua suala hili ilipopata nafasi. Tamko la sheria za mila kuhusu urithi la mwaka 1963, lililoandikwa ili kuziunganisha mila za makabila, lilihusu jamii zinazofuata ukoo wa baba. Jamii za ukoo wa mama ziliachwa nje, mila zao zikabaki kuthibitishwa kwa vinywa vya wazee kila kesi ilipozuka. Kuachwa huko kuliwaumiza watu wa kusini, kwa kuwa mzee anayeeleza mila mahakamani ni mara nyingi mzee wa upande mmojawapo. Wakati huohuo, mtazamo ambao Julius Nyerere aliueleza mwaka 1958 katika kijitabu chake Mali ya Taifa, kwamba ardhi si bidhaa na mtu ana haki juu ya jasho lake tu, ukawa msingi wa sheria: kilichoweza kuuzwa ni maendelezo, yaani nyumba, miti na kazi iliyofanywa juu ya ardhi. Kanuni ya taifa na mila ya Wamakonde zikakutana mahali pamoja, lakini zikafungua mwanya uleule, kwani muuzaji aliuza mikorosho kwa halali na ardhi ikafuata kimyakimya.

Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliongeza safu nyingine. Watu walihamishwa kutoka mashamba yao yaliyotawanyika na kukusanywa vijijini, mikorosho mingi ikabaki mbali bila palizi, na uzalishaji wa korosho nchini, uliofikia tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, ukaporomoka hadi tani 17,000 hivi kufikia mwisho wa miaka ya 1980. Wengine walipewa viwanja juu ya ardhi ya koo nyingine. Wazee waliporudi kwenye mahame, yaani makazi yaliyoachwa, walimkuta mtu aliyegawiwa na kijiji, au aliyenunua kwa aliyegawiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliuhalalisha ugawaji uliofanyika kati ya mwaka 1970 na 1977, ikaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, na ikabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Hata kabla ya hapo, mwaka 1985, Mahakama ya Rufani ilikuwa imeamua kuwa uuzaji wa ardhi ya kijiji bila idhini ya halmashauri hauna nguvu.

Idhini hiyo, hata hivyo, haitoshi pale mwenye shamba anapokuwa marehemu. Kwa desturi ukoo hukaa, huandika muhtasari na kumpendekeza msimamizi wa mirathi, ambaye mahakama ya mwanzo humteua, naye hukusanya mali, hulipa madeni, hugawa na kurejesha hesabu mahakamani. Kabla ya uteuzi huo hakuna ndugu, awe mtoto wa kwanza au mjomba, mwenye mamlaka ya kuuza, na asiye na haki juu ya kitu hawezi kumpa mwingine haki hiyo. Linalosikitisha zaidi ni kwamba katika jamii ambamo haki hupita kwa mama, hati za mauziano zinazoshuhudiwa mbele ya mtendaji wa kijiji mara nyingi hubeba majina ya wanaume watupu, na dada ambaye watoto wake ndio litawa hupata habari mnunuzi anapokuja kung'oa mihogo yake.

Muda nao humwelemea mdai, kwa kuwa Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 humpa miaka 12 ya kudai ardhi, na kwa ardhi ambayo marehemu alikuwa akiimiliki hesabu huanza siku ya kifo, si siku warithi walipogundua mauzo. Wengi wa waliokuwa Dar es Salaam au ng'ambo ya mto Ruvuma hurudi wakiwa wamechelewa. Warithi wanaowahi na kushinda hurudishiwa shamba, naye mnunuzi huelekezwa kumdai muuzaji fedha zake. Na kwa kuwa muuzaji ni ndugu yao, ambaye fedha ameshazitumia, deni hilo huletwa kwenye kikao kilekile cha ukoo ambacho hakukiitisha alipouza.