Windows Terminal: ya kusakinisha na ya kubeba kwenye flashi

Vijana wengi wanaojifunza kompyuta hapa Pwani hawana mashine zao. Leo yuko saiba, kesho kwa binamuye, keshokutwa chuoni. Ndio maana huniuliza: Windows Terminal, ile programu ya Microsoft ya kuandikia amri, niisakinishe au niibebe kwenye flashi?

Ile ya Microsoft Store hujisasisha yenyewe, na yaweza kuwekwa kuwa terminali ya kawaida ya Windows. Mipangilio yake, yaani rangi, fonti na njia za mkato, hukaa kwenye faili la settings.json ndani ya akaunti yako katika mashine hiyo. Ukiiondoa programu, mipangilio nayo huenda. Hapo niliungua mimi: niliiondoa nikidhani nitairudisha ikiwa safi, nikapoteza kazi ya miezi. Nakili faili hilo kwanza.

Ya kubeba hupakuliwa GitHub kama faili la zip. Wengi hukosea hapa. Kuifungua zip pekee hakuifanyi iwe ya kubeba. Bado itaandika mipangilio kwenye akaunti ya mashine uliyoikalia, tena kwenye folda tofauti na ile ya Store. Mtu huona rangi zake "zimepotea" kumbe ziko kule kwingine. Dawa ni kuunda faili tupu liitwalo .portable kando ya WindowsTerminal.exe. Uwezo huu ulikuja na toleo la 1.18, mwaka 2023. Ukishafanya hivyo, mipangilio huandikwa kwenye folda ya settings iliyo papo hapo kwenye flashi.

Haijisasishi. Toleo jipya likitoka, pakua zip mpya, kisha hamishia humo lile faili la .portable na folda ya settings.

Lakini usidhani kwamba ukichomoa flashi hujaacha alama. Terminali ni dirisha tu. Anayefanya kazi ndani ni PowerShell, naye huhifadhi amri ulizoandika kwenye faili la ConsoleHost_history.txt, katika akaunti ya mashine. Pale saiba, atakayekaa baada yako aweza kusoma majina ya seva zako. Mimi nikikaa kwenye mashine ya watu, amri yangu ya kwanza ni hii:

Set-PSReadLineOption -HistorySaveStyle SaveNothing

Huiandika kila nifunguapo dirisha jipya, maana haidumu.