Kamanda Heinz-Wilhelm Eck na nyambizi U-852

Kutoka Kasese hadi Bahari ya Hindi ni mbali, lakini vijana wa Uganda walioingia King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza, waliivuka wakienda kupigana Burma katika Vita Vikuu vya Pili. Chini ya maji hayo zilivizia nyambizi za Ujerumani na Japani.

Heinz-Wilhelm Eck, mzaliwa wa Hamburg, aliondoka Kiel Januari 1944 akiiongoza nyambizi ya Ujerumani, U-852, kuelekea bahari hiyo. Usiku wa 13 Machi, katika Atlantiki ya Kusini, aliizamisha Peleus, meli ya mizigo ya Ugiriki yenye mabaharia 35. Wengi walijiokoa juu ya maboya. Eck alihofu kwamba ndege zingeyaona mabaki na kumfuata, basi akaamuru yamiminiwe risasi na kurushiwa mabomu ya mkono. Mhandisi wake, Hans Lenz, alipinga amri; baadaye naye akashika bunduki. Mabaharia watatu tu walinusurika, wakaelea zaidi ya mwezi mzima hadi meli ya Ureno ilipowaokota. Mabaharia wa Peleus ndio wa kukumbukwa kwanza.

Mei 1944 ndege za Waingereza kutoka Aden ziliishambulia U-852, ikakwama pwani ya Somalia. Wanamaji wake walitekwa, na daftari la safari likapatikana.

Oktoba 1945, mahakama ya kijeshi mjini Hamburg ilikataa utetezi kwamba mauaji yale yalihitajika ili kuinusuru nyambizi. Eck na maofisa wawili walipigwa risasi 30 Novemba; Lenz alihukumiwa kifungo cha maisha.