Jua linavyobadilisha hesabu ya vimondo

Tarehe 27 na 28 Februari 1942, rada za jeshi la Uingereza zilijaa kelele hadi zikashindwa kazi. Nchi ilikuwa vitani, na wiki mbili tu kabla Wajerumani walikuwa wamevuruga rada za pwani wakapitisha meli zao za kivita, Scharnhorst na Gneisenau, kwenye mlangobahari ulio mbele ya macho ya Waingereza. Wengi walidhani adui amerudia hila ile ile. Mwanafizikia James Stanley Hey, aliyepewa kazi ya kuchunguza, alikusanya taarifa za vituo na kugundua kwamba kelele ilitoka upande mmoja, na upande huo ulihama angani sawasawa na jua. Alipowauliza wanaastronomia wa Greenwich, walimjibu kuwa kundi kubwa la madoa lilikuwa likipita katikati ya uso wa jua siku zile zile.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa binadamu kutambua kuwa jua hutoa mawimbi ya redio. Kwa sababu ya vita, habari ilifichwa hadi 1946.

Hey hakuishia hapo. Roketi za V-2 zilipoanza kuangukia London mwaka 1944, rada za kuelekezea mizinga ziligeuzwa kutazama juu ili watu wapate onyo mapema. Tatizo likawa kwamba zilipokea mwangwi mfupi kutoka kimo cha kilomita 100 hivi, tahadhari ikatolewa, na roketi isionekane. Hey na wenzake walithibitisha kuwa ule ulikuwa mwangwi wa vimondo. Punje isiyozidi ukubwa wa chembe ya mchanga huingia angahewani kwa kasi ya kati ya kilomita 11 na 72 kwa sekunde, huungua, na kuacha nyuma yake mstari wa elektroni. Mstari huo ndio unaorudisha wimbi la rada, kisha hutawanyika, mara nyingi kabla sekunde moja haijaisha.

Kwa hiyo mtu yule yule, kwa mitambo ya aina ile ile, alifungua milango miwili: wa jua na wa vimondo. Kinachonishangaza katika historia hii ni kwamba ilichukua karibu miaka 20 kabla watafiti hawajaanza kuona kuwa milango hiyo inaingia nyumba moja.

Vita vilipokwisha, Bernard Lovell alichukua rada za jeshi na kuzipeleka Jodrell Bank, mashambani Cheshire, kwa sababu tramu za jiji la Manchester zilikuwa zikivuruga vipimo vyake. Alikuwa akitafuta dalili za miale ya anga za mbali, akapata vimondo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1946, dunia ilipopita kwenye vumbi la kometi Giacobini-Zinner, mwangwi ulimiminika. Lovell alifanya jambo la busara: alielekeza antena kule vimondo vilikokuwa vikitokea, na mwangwi ukakatika karibu wote, kwa kuwa mstari wa kimondo hurudisha wimbi pale tu linapoupiga kwa ubavu. Shaka ikaisha. Mwaka uliofuata kundi lake lilifuatilia mikondo mikubwa ya vimondo vya mchana, ambayo macho hayawezi kuiona kwa sababu ya mwanga. Rada haikujali mchana wala mawingu, na wengi waliamini kwamba hatimaye vimondo vitahesabiwa bila kasoro.

Imani hiyo ilitikiswa mwaka 1963. Huko Springhill, karibu na Ottawa, Bruce McIntosh na Peter Millman waliona idadi ya mwangwi ikipanda kupita kawaida. Upande wa pili wa dunia, karibu na Christchurch nchini New Zealand, Clifton Ellyett, ambaye mwenyewe aliwahi kufanya kazi Jodrell Bank, pamoja na Colin Keay waliona ongezeko hilo hilo. Taarifa zao zilichapishwa mwaka 1964 katika jarida moja, Science. Vituo viwili, kila kimoja na mitambo yake, haviwezi kuharibika kwa mtindo mmoja na kwa wakati mmoja. Ama dunia ilikuwa imeingia kwenye vumbi jingi zaidi, ama angahewa yenyewe ilikuwa imebadilika.

Jua nalo lilikuwa likielekea kwenye utulivu wake wa mwaka 1964. Tangu Heinrich Schwabe atangaze mzunguko wa madoa mwaka 1843, inajulikana kuwa madoa huongezeka na kupungua kwa takriban miaka 11. Jua likichangamka, mionzi yake mikali hupasha moto hewa ya juu, nayo hutanuka. Likitulia, hewa hiyo hupoa na kujikunja. Ellyett alilifuatilia jambo hili miaka mingi. Nchini Sweden, Bertil-Anders Lindblad alipanga hesabu za rada ya Onsala kuanzia miaka ya 1950, na mwaka 1976 akaonyesha katika jarida la Nature kuwa madoa yakiwa mengi, vimondo vinavyohesabiwa huwa vichache.

Kinachotokea kinafahamika. Hewa iliyotanuka huongezeka uzito polepole kadiri kimondo kinavyoshuka, hivyo punje huungua kidogo kidogo katika safari ndefu. Hewa iliyojikunja huongezeka uzito kwa ghafla, na punje humalizikia katika umbali mfupi. Mwaga pishi ya mtama kwenye jamvi refu, kisha mwaga pishi nyingine kwenye ungo: mtama ni ule ule, lakini jamvini utaona ukindu na kwenye ungo utaona mtama. Elektroni zilizosambaa hurudisha mwangwi hafifu, mpokeaji wa rada hausikii, na kimondo hakiandikwi. Kilipita, ila hakikuhesabiwa.

Kuna pia madhara ya moja kwa moja. Mlipuko wa jua huongeza elektroni katika tabaka za chini za anga la ayoni, na hizo humeza mawimbi ya redio. Kwenye nchi za karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, mianga ya kaskazini nayo hurudisha mwangwi wake na kuchanganya rekodi.

Jambo hili limepita hata pwani yetu. Kati ya 1968 na 1970, wanasayansi wa Kisovieti waliweka rada ya vimondo Mogadishu, karibu kabisa na ikweta, wakapata mizingo ya maelfu ya vimondo. Kilele cha jua kilikuwa mwishoni mwa 1968. Mtu akizilinganisha hesabu za Mogadishu na za kituo kilichofanya kazi jua likiwa limetulia, bila kurekebisha, atakuwa analinganisha jua na si vimondo.

Siku hizi kituo kama rada ya mizingo ya vimondo ya Ontario, Kanada, kimekusanya rekodi za zaidi ya mzunguko mmoja wa jua, na uhusiano aliouona Lindblad unapimwa upya kwa mitambo bora. Kazi hiyo imekuwa na uzito mpya. Hewa ya ukaa, inayoipasha joto dunia huku chini, huipoza hewa ya juu, na kimo ambako vimondo huungua ni mojawapo ya vipimo vya kupoa huko. Ili kuiona alama ya hewa ya ukaa, lazima kwanza uondoe alama ya jua.

Vimondo vya Geminids huonekana vizuri Afrika Mashariki kila katikati ya Desemba, saa nane usiku ikiwa ndiyo bora. Ukivihesabu vimondo hivyo, andika tarehe, saa, mawingu na mwezi, na usisahau kuandika jua lilikuwa katika hali gani mwaka huo.