Lile bao la 1994 halikuwa bao

Wasee, stori za sayansi husimuliwa kama mechi ambayo mtu wetu hushinda kila mara. Ile ninayoipenda mimi ni ya watu walioshangiliwa 1994, halafu 1998 wakarudi wenyewe kusema lile bao halikuwa bao.

Turudi 1976. Tom Kibble wa Imperial College, London, alikuwa anawaza kuhusu ulimwengu ukiwa mchanga kabisa. Ulikuwa moto kupita kiasi, ukapoa haraka, na katika kupoa ukabadilika hali, vile maji hugeuka barafu. Swali lake: kila pembe ilibadilika kwa njia moja?

Chukua Kasarani imejaa, kila mtu anaangalia anakotaka. MC anasema, “Wote tuangalie upande mmoja!” lakini hasemi upande gani. Utafanya nini? Utamwiga jirani. Mkipewa nusu saa, pengine uwanja wote utakubaliana. Mkipewa sekunde tatu, kila kundi litakuwa na upande wake. Na kuna mahali makundi yatakutana vibaya, watu wamegeuka duara zima kumzunguka mtu mmoja, na huyo wa katikati hajui aangalie wapi. Huyo maskini ndiye kasoro. Hata majirani wakijipanga vizuri, yeye hatoki kirahisi.

Kibble alisema ulimwengu ungeweza kubaki na kasoro kama hizo, zikiwemo nyuzi nyembamba za nishati zilizokatiza anga. Sawa, lakini unapima aje? Hakuna mtu anaweza kuwasha ulimwengu upya.

1985 Wojciech Zurek, mzaliwa wa Poland aliyefanya kazi Los Alamos, Marekani, akasema tutumie heliamu ya majimaji. Ikipoa chini ya kelvini 2.17, yaani kama nyuzi -271, inatiririka bila msuguano wowote. Kasoro zake ni mizunguko midogo, kama maji yakishuka kwa sinki. Zurek akaongeza jambo la maana kuliko yote, kasi. Ukikaribia ile hatua ya kubadilika, maada inakuwa nzito kujipanga, habari zinachelewa kufika kwa jirani. Ukiipita mbio, makundi yanabaki madogo na kasoro zinakuwa nyingi. Hapo sasa una kitu cha kuhesabu, si hadithi tu.

Timu ya Lancaster, Uingereza, ikachukua heliamu iliyobanwa, ikaiachilia ghafla ipanuke ili ivuke ile hatua kwa haraka. 1994 wakatangaza dalili za mizunguko. Dunia ya fizikia ikafurahi.

Lakini kulikuwa na shida. Ukiachilia kimiminika ghafla, si unaweza kuwa umekikoroga tu, kama chai? Wakaunda kifaa upya, wakapunguza huo ukorogaji, wakarudia. Mizunguko haikuonekana. 1998 wakachapisha hivyo hivyo, na kwenye kichwa cha makala wakaandika kwamba haikutokea. Hebu niambie ni nani hapa mtandaoni angepost hiyo. Mimi nawapa heshima kuliko wengi wenye medali.

Na wazo lenyewe halikufa. 1996, Helsinki na Grenoble walitumia heliamu-3, aina nyepesi zaidi, wakairushia nyutroni. Nyutroni ikimezwa na atomu, kijisehemu kidogo kinapata moto na kupoa tena ndani ya mikrosekunde. Hakuna anayekoroga kitu. Mizunguko ikapatikana, na hesabu za Zurek zikakaribiana na walichoona. Kwa hivyo heliamu moja ilisema ndiyo, nyingine ikanyamaza, na wanafizikia wakaachiwa kazi ya kueleza kwa nini.

Kibble alifariki 2016. Nyuzi zake za angani hazijaonekana bado. Siku hizi wanazitafuta kwa mawimbi ya graviti, maana kama zipo na zinatikisika, zinapaswa kuyatoa.