Makazi ya wakimbizi Kasulu na Kibondo

Makazi ya wakimbizi Kasulu na Kibondo ni nyumba na mahema yanayotolewa kwa watu waliokimbia Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na kuingia Mkoa wa Kigoma, kaskazini magharibi mwa Tanzania. Mpango huo unasimamiwa na Idara ya Huduma kwa Wakimbizi iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) na mashirika mengine ya misaada. Kambi kuu zimekuwa Nyarugusu katika Wilaya ya Kasulu na Nduta katika Wilaya ya Kibondo. Kambi ya tatu, Mtendeli, ilikuwa Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012.

Eneo hilo, lenye kata kama Makere na Nyakitonto, ni nchi ya Waha. Kiha na Kirundi ni lugha zinazokaribiana sana, hata mwanakijiji wa Kasulu na mgeni kutoka Burundi husikilizana bila mkalimani.

Historia

Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, vita vilipowakimbiza Wakongo wa mashariki kuvuka Ziwa Tanganyika. Katika miaka hiyo mkoa ulikuwa pia na kambi nyingi za Warundi. Amani iliporudi Burundi kambi hizo zilifungwa moja baada ya nyingine, na Mtabila ya Kasulu ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Nyarugusu ikabaki na Wakongo. Wengi wao walikuwa wameshajijengea nyumba za udongo, wamepanda migomba na kuzaa watoto ambao hawajawahi kuiona Kongo.

Mwezi Aprili 2015 Burundi iliingia katika machafuko baada ya Rais Pierre Nkurunziza kutangazwa kugombea muhula wa tatu. Maelfu ya watu walikimbilia Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho ufukweni mpakani, ambako kipindupindu kilizuka mwezi Mei. Meli MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwabeba kutoka huko hadi mjini Kigoma. Kutoka Kigoma walipelekwa Nyarugusu kwa mabasi. Katika muda wa miezi michache idadi ya watu kambini iliongezeka zaidi ya mara mbili. Ili kuipunguzia mzigo, Nduta ilifunguliwa upya Oktoba 2015 na Mtendeli Januari 2016.

Kutoka banda hadi nyumba

Mkimbizi hapewi nyumba siku anayofika. Kwanza huandikishwa, kisha hulala katika banda la pamoja pamoja na familia nyingi zisizojuana. Mwaka 2015 hata makanisa na madarasa ya Nyarugusu yalitumika kulaza watu. Mabanda hayo huzuia mvua, lakini hayana faragha: mama hana mahali pa kubadilishia nguo, na usiku wanawake na watoto huwa katika hatari.

Hatua ya pili ni hema la familia. Hema husimikwa kwa muda mfupi, nalo huchakaa kwa muda mfupi vilevile. Mchana huwa na joto kali, na katika nyanda hizi ambako mvua hunyesha kuanzia Oktoba hadi Mei, upepo na unyevu hulichana na kuliozesha. Lilikusudiwa kuwa la miezi tu, lakini zipo familia zilizokaa ndani yake kwa misimu kadhaa ya mvua.

Hatua ya tatu ni nyumba ya mpito. Mifupa yake ni miti iliyochimbiwa ardhini, paa lake ni la turubai la plastiki au nyasi, na kuta zake ni za turubai ambazo baadaye hubadilishwa kwa matofali mabichi, yaani yaliyokaushwa kwa jua bila kuchomwa. Turubai la UNHCR huwa na ukubwa wa mita 4 kwa 5. Kipimo kinachofuatwa na mashirika ya misaada duniani ni angalau mita za mraba 3.5 zilizoezekwa kwa kila mtu, kwa hiyo familia ya watu watano hustahili mita za mraba 17.5. Hicho ni chumba kimoja kikubwa, au viwili vidogo.

Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na wakimbizi wenyewe. Shirika hutoa miti, maturubai, misumari na mafundi wa kuelekeza. Familia hufyatua matofali na kusimamisha kuta. Ufundi huu si mgeni kwao, kwani ndio unaotumika vijijini kote Buha na ng'ambo ya mpaka. Wazee, walemavu, wagonjwa na watoto waliotengana na wazazi hujengewa na vikundi vya wakimbizi wanaolipwa posho ndogo. Asiye na nguvu wala jamaa ndiye hupimia ubora wa mpango, maana mwenye nguvu angejenga hata bila kuelekezwa.

Matofali yana gharama yake. Hufyatuliwa wakati wa kiangazi, na familia inayochelewa hukutwa na mvua kabla ukuta haujafika kwenye paa. Mashimo yanayochimbwa udongo yasipofukiwa hujaa maji na kuzalisha mbu katika eneo ambalo malaria tayari ni tatizo kubwa. Miti ya kujengea na kuni za kupikia zimeleta ugomvi kati ya kambi na vijiji jirani, kwa sababu misitu ni ya wote wawili.

Mipaka ya mpango

Nyumba ya mpito si mali ya anayeilalia. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo lililotengwa, na hawezi kutoka bila kibali. Kwa serikali, nyumba ya kudumu kambini ingekuwa ishara kwamba wageni hawatarudi kwao. Uganda imefuata njia nyingine kwa kuwagawia wakimbizi viwanja vya kujenga na kulima, na Kenya imejaribu katika makazi ya Kalobeyei, Turkana, kuzipa familia fedha wajenge wenyewe.

Tanzania nayo iliwahi kufanya tofauti. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 waligawiwa mashamba Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na baadaye zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo walipewa uraia.

Tangu Septemba 2017 Warundi wa kambini wamekuwa wakirejeshwa kwa hiari kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi na UNHCR. Mtendeli ilifungwa mwaka 2021, na waliobaki walihamishiwa Nduta, ambako ilibidi waanze tena kujenga. Mwaka 2023 Wakongo wapya walianza kuingia kwa maelfu na kupelekwa Nyarugusu, wakianzia, kama waliowatangulia, katika banda la pamoja.